Aliyechomelea naye aulizwe

Ndugu Mhariri,

Wiki mbili zilizopita gazeti lenu lilichapisha picha ya magobore saba yaliyopangwa juu ya meza, na nyuma ya meza vijana watatu wamechuchumaa, vichwa chini. Habari yenyewe ilieleza walivyokamatwa, nyama waliyokutwa nayo, na kwamba watafikishwa mahakamani upelelezi ukikamilika. Niliisoma mara tatu nikitafuta sentensi moja tu: magobore hayo kayatengeneza nani, na kayauza nani. Sikuiona.

Siwalaumu ninyi peke yenu. Nina miaka 63 na picha za namna hii nimeziona tangu ujana wangu, na kila mara aliyeshika silaha ndiye anayepigwa picha. Silaha inatokea mezani kana kwamba ilikuwapo tangu kuumbwa kwa dunia.

Naandika kwa sababu kuna gobore moja ambalo jibu lake ninalijua. Nililitengeneza mimi.

Mimi ni fundi chuma hapa Makambako. Karakana yangu ipo kando ya barabara ya kwenda Njombe, na kazi zangu wengi wanazijua: mageti, madirisha, matela ya matrekta, majembe ya kukokotwa na ng'ombe, na mapanga ya kuuza mnadani. Asili yangu ni Makete. Sisi Wakinga siku hizi tunajulikana kwa maduka, lakini kabla ya maduka tulijulikana kwa chuma. Majembe na mikuki ya wahunzi wa Ukinga ilishuka milimani hadi kwa Wanyakyusa na Wasangu. Babu yangu mzaa baba alikuwa mhunzi, na nimekaa naye nikivuta mivukuto nikiwa mtoto wa miaka saba. Mtu akija kutaka jembe, babu alimuuliza udongo wa shamba lake ukoje. Akija kutaka mkuki, alimuuliza, "Unakwenda kuua nini?" Kisha alinyamaza na kumtazama. Namkumbuka mtu mmoja aliyekuja jioni, mdomo umevimba, akasema anataka mkuki wa kuwindia. Babu akamwambia makaa yameisha. Makaa yalikuwa gunia zima, mimi mwenyewe nilikuwa nimelikalia.

Nilimuuliza kwa nini kadanganya. Akasema yule hakuwa amekuja na njaa ya nyama.

Mwaka 1996, Makambako ikiwa bado mkoa wa Iringa, alikuja kwangu mtu mmoja usiku, saa mbili hivi, nikiwa nafunga. Alinisalimia "Kamwene fundi" kwa upole kabisa, akaweka bomba la chuma chini, akasema anataka nimsaidie kazi ya pampu ya maji. Mimi najua pampu. Nilipolishika lile bomba, na aliponieleza nini kichomelewe wapi, nilijua palepale ni mtutu. Naye alijua kwamba nimejua. Hakuna aliyetamka neno. Nikamtajia shilingi 20,000, bei ambayo hakuna fundi angeithubutu kwa kazi ya pampu, na yeye hakuomba nipunguze hata shilingi moja. Ile bei, Mhariri, ndiyo ushahidi wangu dhidi yangu. Kama ingekuwa pampu ningetoza 3,000.

Hela ile nilinunulia mabati. Yapo mpaka leo juu ya jiko la nyumba yangu.

Mwaka uliofuata, mahindi yakiwa yanakomaa, mtoto wa kiume wa miaka 12 alikuwa amelala kwenye kibanda shambani akilinda mahindi yasiliwe na nguruwe pori. Alfajiri alitoka. Mtu aliyekuwa akivizia hao hao nguruwe aliona kitu kinatikisa mabua akafyatua. Mtoto hakufika hospitali. Aliyefyatua hakuwa yule aliyekuja kwangu. Alikuwa shemeji yake, aliyeazimwa gobore kwa makubaliano ya kugawana nyama. Huyo shemeji alifungwa kwa kuua bila kukusudia na kwa kukutwa na silaha. Mwenye gobore alikwisha hamia Usangu na sikusikia kwamba aliwahi kuitwa popote.

Na fundi? Fundi aliitwa. Polisi walitaka mtu wa kuwaeleza kama silaha ile ni ya kiwandani au ya kienyeji, na aliyekuwa karibu ni mimi. Waliliweka mezani. Ndugu Mhariri, mimi natumia mkono wa kushoto, na mshono wa kuchomelea wa mtu wa kushoto huinamia upande ambao mishono ya mafundi wengine haiinamii. Niliutambua kabla sijakaa kwenye kiti. Afande akaniuliza, "Fundi, hii ya kiwandani au ya mtaani?" Nikasema, "Ya mtaani, afande." Akaandika, akafunga daftari, akanishukuru. Swali la pili halikuulizwa, na mimi sikukaa kulisubiri.

Nimeishi na swali hilo ambalo halikuulizwa kwa karibu miaka thelathini. Mama wa yule mtoto yupo. Kila msimu huleta jembe lake karakana kunyooshwa au kutiwa mpini, na kila msimu nilikataa hela yake. Mwaka jana aliniuliza, "Fundi, mbona hela yangu huipokei? Nimekukosea nini?" Hapo nilishindwa. Nikamwambia yote, nikiwa nimesimama, nyundo mkononi. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Mimi nilijua ile bunduki haikuota kama uyoga. Nilikuwa nangoja mtu aulize." Akachukua jembe lake akaondoka. Siku ya tatu akarudi, akaniambia maneno haya haya: "Kama una maneno, kayaseme kule wanakosikia watu wengi. Kwangu umechelewa."

Ndiyo sababu ya barua hii.

Binti yangu wa mwisho anasomea sheria. Alikuwa wa kwanza nyumbani kunisikia nikieleza, na badala ya kulia, kama nilivyoogopa, alileta vitabu. Alinionyesha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 22. Kwa maneno mepesi, kinasema mkosaji si yule tu aliyetenda. Ni pia yule aliyefanya jambo kwa lengo la kumwezesha au kumsaidia mwingine kutenda kosa. Nikamwambia, mwanangu, basi mimi ni mkosaji. Akanijibu, "Baba, soma tena. Kwa lengo." Akanieleza kwamba hapo kwenye lengo ndipo muuza silaha anapoponea. Atasema lengo lake lilikuwa hela, mtu kufa hakukuwa ndani ya lengo lake. Kweli, lengo langu lilikuwa mabati.

Kosa la kutengeneza silaha bila leseni, hilo lipo wazi. Sheria ya kudhibiti silaha na risasi ya mwaka 2015 inalikataza, na hata ile ya 1991 iliyokuwapo wakati wangu haikuniruhusu. Ila hilo ni kosa la kibali. Yule mtoto hayumo ndani yake.

Kisha binti akanisomea kesi moja ambayo sijalala vizuri tangu niisikie. Ilisikilizwa Hamburg, Ujerumani, Machi 1946, mbele ya mahakama ya kijeshi ya Waingereza. Washitakiwa watatu: Bruno Tesch mwenye kampuni, Karl Weinbacher msaidizi wake, na Joachim Drosihn, fundi wao wa gesi. Walikuwa wauzaji wa sumu iitwayo Zyklon B. Sumu hiyo ilikuwa bidhaa halali ya kuulia wadudu, iliyotumika kwenye maghala na melini. Wakaiuza pia kwenye kambi za Wanazi, na Auschwitz ilitumika kuulia watu. Tesch hakumgusa mtu hata mmoja. Alijitetea kwamba hakujua. Mahakama iliuliza alijua nini wakati anaendelea kuuza, ikaona alijua. Tesch na Weinbacher walinyongwa Mei mwaka huo huo.

Drosihn aliachiwa. Yeye alikuwa mwajiriwa. Mahakama haikuona kwamba alikuwa na uwezo wa kuizuia biashara ile.

Binti akafunga kitabu akaniuliza, "Baba, karakana ilikuwa ya nani?"

Ilikuwa yangu. Hakuna bosi aliyenituma, wala mke aliyenilazimisha, na siku hiyo watoto walikuwa wamekula. Ningesema makaa yameisha.

Najua watakaosema nafananisha mbuzi na tembo, kwamba gobore la porini si Auschwitz. Wana haki kabisa, na mimi silinganishi vifo. Ninachochukua kwenye kesi ile ni swali lake: muuzaji alijua nini, na alikuwa na uwezo gani wa kukataa? Swali hilo linatosha karakana yangu kama lilivyotosha kampuni yao.

Kuna kesi nyingine inayotugusa zaidi watu wa huku. Hapa jirani yetu, Mufindi, tunaishi kwa mbao. Sasa alikuwapo Mholanzi mfanyabiashara wa mbao, Guus Kouwenhoven, aliyekuwa akivuna misitu ya Liberia wakati wa urais wa Charles Taylor. Meli ya mbao na bandari ya Buchanan iliyokuwa mikononi mwa kampuni yake zilitumika kuingizia silaha, nchi ikiwa imewekewa vikwazo na Umoja wa Mataifa. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ya kwao Uholanzi ilimhukumu miaka 19 kwa kusaidia uhalifu wa kivita na kwa biashara ya silaha. Alikuwa Afrika Kusini wakati hukumu inasomwa. Lakini ilisomwa, kwa jina lake, na mfanyabiashara ya mbao hakuweza kusema yeye alishughulika na magogo tu.

Nchi nyingine zimechagua kinyume. Marekani, Bunge lao lilipitisha sheria mwaka 2005 inayowakinga watengenezaji na wauzaji wa bunduki dhidi ya kesi nyingi za madai pale mteja anapoua. Juni 2025 Mahakama yao ya Juu, majaji wote wakikubaliana, iliikataa kesi ya serikali ya Mexico iliyotaka kampuni za bunduki ziwajibike kwa silaha zinazovuka mpaka kwenda kwa magenge. Hoja inayowalinda ni kwamba biashara halali haiwezi kubebeshwa makosa ya kila mnunuzi. Mimi muuza mapanga naielewa hoja hiyo, na siwezi kuipuuza.

Maana naulizwa sana, "Fundi, na panga lako je? Likiua utafungwa?" Panga linafyeka, linapasua kuni, linachinja kuku, linachonga mpini. Anayelinunua mnadani mchana kweupe pamoja na kamba na chumvi sina la kumuuliza. Lakini panga lilelile, likitakiwa usiku na mtu anayetetemeka, limekuwa kitu kingine, na mimi niliyelishika najua limekuwa kitu kingine. Sheria haiwezi kukaa karakana kwangu kunitazama usoni wakati huo. Inaweza kuniuliza baadaye. Na gobore halina hata hiyo nafasi ya panga, halipasui kuni.

Vijiweni kuna neno jingine, kwamba gobore ni urithi wetu, kwamba bila bunduki kusingekuwa na Lugalo. Nimefika Kalenga, nimefika Lugalo, na najivunia kama mtu yeyote wa nyanda hizi kwamba tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe waliwashinda Wajerumani na kamanda wao, Zelewski, akafia pale. Lakini angalieni mwaka uliotangulia. Mwaka 1890 mataifa makubwa yalikutana Brussels yakakubaliana kubana uuzaji wa bunduki katika eneo kubwa la Afrika, nchi yetu ikiwamo. Bunduki za kisasa zikafungiwa, ila zile za kizamani za gumegume, ndugu za gobore, zikaachiwa mlango wa kuuzwa. Walifanya hivyo kwa faida yao, tusidanganyane. Lakini ina maana zaidi ya miaka 130 iliyopita wauza bunduki walikwisha kujua kwamba nani umuuzie nini ni uamuzi, na uamuzi una mwenyewe.

Hapa kwetu muuzaji amejificha pia nyuma ya neno "kuazima". Nimekaa kwenye minada ya Mbarali nikasikia kwa masikio yangu watu wakizungumzia bunduki zinazotolewa kwa mgawo: mwenye bunduki analala kwake, anayeingia porini akirudi wanagawana. Hatujasahau yaliyofuata. Mwaka 2015 serikali ilitoa matokeo ya sensa: tembo wa Tanzania walikuwa wameshuka kutoka 109,051 mwaka 2009 hadi 43,330 mwaka 2014, na mbuga ya Ruaha, jirani yetu, ilikuwa miongoni mwa zilizoumizwa vibaya. Waliofyatua walikamatwa wengi. Yule aliyelala kwake amehesabiwa wapi? Kama mtu anakodisha lori kwa mgawo tunamwita mfanyabiashara ya usafirishaji. Anayekodisha bunduki kwa mgawo aitwe muuza silaha, apelekwe mahakamani kwa jina hilo.

Nchi yetu ilitia saini Itifaki ya Nairobi ya kudhibiti silaha ndogo mwaka 2004, na moja ya mambo yaliyomo ni kwamba silaha ndogo itiwe alama wakati wa kutengenezwa ili iweze kufuatiliwa ilikotoka. Gobore halina namba. Lakini watu wasiseme halifuatiliki. Chuma kina mwandiko. Nipeni gobore lililotengenezwa kati ya Makambako na Mbeya, nikae nalo dakika tano kwenye mwanga mzuri, na kama silifahamu mimi basi nitawatajia mzee atakayelifahamu. Tunajuana kwa mishono, kwa jinsi mtu anavyopiga tupa, kwa mbao anayopenda kwenye kitako. Hakuna anayetuuliza.

Na kuna sababu ya mafundi kutojitokeza. Serikali imewahi kutoa vipindi vya msamaha, mwenye silaha haramu aisalimishe bila kushitakiwa. Jambo jema sana, na magobore mengi yamerudishwa. Lakini fundi anasalimisha nini? Yeye hana gobore, lilikwenda na mteja. Anacho kichwani tu: nani aliagiza, lini, mangapi. Ningeomba wanaopanga msamaha ujao wafikirie kumpa fundi mlango wake, aje na maneno yake kama mwingine anavyokuja na mtutu. Simaanishi aachiwe bure. Mimi mwenyewe sitaki kuachiwa bure. Namaanisha asikilizwe kabla hajafa nayo.

Mafundi vijana mliopo barabara kuu hii, kuanzia Mafinga hadi Tunduma, najua mnaletewa mabomba. Januari hii nililetewa mimi, kijana mstaarabu, simu nzuri mkononi, akasema ni ya pampu. Nikamuuliza anakwenda kuua nini. Alicheka, akabeba bomba lake, na saa moja baadaye nikasikia mashine inaunguruma karakana ya jirani. Nikaenda nikagonga. Jirani akafungua, uso umejaa jasho, akaniambia, "Mzee, hela nimeshaila." Nikamwambia mtoto wa miaka 12 alivyokuwa amelala. Alizima mashine usiku ule. Asubuhi sikumuuliza kama aliwasha tena, na hapo nilikosea, nitamuuliza.

Jumatatu nakwenda kituoni na binti yangu kuandika maelezo. Ameniambia huenda nikafunguliwa mashitaka, na huenda wakaniambia nirudi nyumbani kwa kuwa miaka imepita mingi. Nimekubali lolote. Ninachotaka ni yule mama aone swali limeulizwa na limeandikwa.

Kwenu nina ombi dogo. Mwandishi wenu akisimama tena mbele ya meza ya magobore, kabla hajapiga picha, amuulize kamanda ni nani aliyechomelea na ni nani aliyeuza, na jibu lichapishwe hata kama ni "hatujauliza." Na kama katika ghala la vielelezo bado kuna gobore la mwaka 1997, kesi ya mtoto aliyeuawa shambani, waligeuze. Chini ya mtutu, karibu na kitako, kuna mshono mfupi ulioinamia kushoto. Ni wangu.

Fundi chuma,
Makambako, Njombe
(Jina langu na namba ya simu nimemwachia Mhariri)